Simu Imeibwa, Barua Pepe Imejifunga: Njia za Kurudi Ndani

Jumamosi moja jioni, matatu ilipokuwa ikiondoka steji ya Mtwapa, mkono uliingia dirishani ukaondoka na simu ya mwalimu mmoja wa chekechea anayeishi Kaloleni. Hasara aliyoihesabu kwanza ni ya simu yenyewe, kisha salio lake la M-Pesa. Aliazima simu ya abiria mwenzake akapiga 100, na laini ikazuiwa kabla matatu haijavuka daraja la Nyali. Usiku huo alilala akiamini kwamba shari imekwisha.

Jumatatu aliingia saiba moja mjini Mariakani kutuma maombi ya kazi. Nafasi za walimu wa chekechea zilikuwa zimetangazwa na zilibaki siku 11 kabla ya kufungwa. Maombi yalipitia mtandaoni, na kila anayeingia kwenye tovuti ile hutumiwa kiungo katika barua pepe yake ili abonyeze na kuendelea. Akafungua Gmail, akaandika nenosiri analolijua kama jina lake, na kompyuta ikamjibu kwamba imetuma ujumbe kwenye simu yake: aifungue na kubonyeza "Ndiyo". Simu hiyo wakati huo ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Alidhani amekosea nenosiri. Akaliandika tena, mara ya tatu, mara ya nne, kisha akajaribu kulibadilisha, hadi Google ikamwambia kwamba amejaribu mara nyingi mno na arudi baadaye. Mhudumu wa saiba alimshauri afungue barua pepe mpya na kuachana na ile ya zamani. Alifungua, lakini tovuti ya maombi ikaikataa, kwa kuwa nambari yake ya kitambulisho ilikuwa tayari imesajiliwa kwa anwani ya kwanza. Kazi aliyoisubiri kwa miaka miwili ikawa imefungiwa nyuma ya kitufe kimoja cha "Ndiyo".

Wakazi wengi wamefikwa na jambo hili, na wengi wao huishia kutupa akaunti nzima pamoja na kila kilichounganishwa nayo: HELB, iTax, eCitizen, picha za watoto, hata orodha ya nambari za simu. Mara nyingi hapakuwa na haja ya kuitupa.

Kwa nini mlango humfungia mwenyewe

Ulinzi uliomzuia mwalimu huyu unaitwa uthibitishaji wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kitu anachokijua mtu, yaani nenosiri. Ya pili ni kitu alicho nacho mkononi, na kwa Wakenya wengi kitu hicho ni simu. Mwizi aliyeko nchi nyingine anaweza kulipata nenosiri kwa hila, lakini hana simu ya mwenye akaunti, kwa hiyo hukwama kwenye hatua ya pili. Google ilianza kuwapa watumiaji wake wote njia hii mwaka 2011, na kuanzia 2021 ikawa inawawashia wengi yenyewe bila kusubiri waombe. Ndiyo maana wapo watu wanaoapa kwamba hawajawahi kuuwasha ulinzi huu, na wanasema kweli.

Shida ni kwamba kompyuta haitofautishi kati ya mwizi asiye na simu na mwenye mali aliyeibiwa simu. Wote wawili wanajua nenosiri na wote wawili hawana simu. Kwa hiyo kazi ya mwenye akaunti baada ya kupoteza simu ni kuionyesha Google jambo ambalo mwizi hawezi kulionyesha.

Hapa subira ina faida kubwa kuliko bidii. Kila jaribio la harakaharaka linaifanya mitambo izidi kushuku, na anayekisiakisia hujifungia nje kwa saa nyingi zaidi. Chini ya ukurasa unaoomba uthibitisho pana maneno "Jaribu njia nyingine". Watu wengi huyapita bila kuyaona. Yakibonyezwa, Google huonyesha njia zote zilizowahi kuwekwa kwenye akaunti ile: kubonyeza "Ndiyo" kwenye kifaa kingine kilichoingia, kutumiwa nambari kwa SMS, kuandika nambari ya programu ya uthibitishaji, au kutumia mojawapo ya nambari za akiba. Kabla ya kufanya lolote lingine, ni vyema kuzisoma njia hizo zote na kuziandika kwenye karatasi.

Laini kwanza

Njia fupi kuliko zote kwa aliyeibiwa simu ni kuirudisha laini. Watu huchanganya simu, kadi ya laini na nambari, na hivi ni vitu vitatu tofauti. Nambari ya simu haikai ndani ya kadi iliyoibwa, bali imeandikwa katika mitambo ya kampuni kwa jina la mteja. Mteja akifika kwenye duka la kampuni au kwa wakala aliyeidhinishwa akiwa na kitambulisho chake halisi, hupewa kadi mpya yenye nambari ileile, na ile ya mwizi hufa. Kadi hiyo ikitiwa kwenye simu yoyote, hata kabambe isiyo na intaneti, SMS ya Google huingia. Ujumbe huo hubeba nambari yenye tarakimu sita inayotanguliwa na herufi G na kistari.

Mwalimu wa Kaloleni alienda dukani Jumanne na kurudi mikono mitupu. Laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake, enzi zile alipokuwa kidato cha tatu na bado hajapata kitambulisho. Kaka anafanya kazi Mombasa na hakupata nafasi ya kuondoka kazini hadi Jumatano. Hili si jambo la nadra hata kidogo. Vijana wengi wa kaunti hii wanatumia laini za wazazi, wajomba na hata marafiki waliokwisha kuhama, na hawafikirii jambo hilo mpaka siku ya kuomba kadi mpya. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *106# kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Anayekuta kwamba nambari anayoitumia kila siku haimo kwenye orodha hiyo anapaswa kwenda dukani pamoja na aliyeisajili, wakiwa wote hai na wakiwa wanasikilizana, ili ihamishwe kwa jina lake.

Anayetumia programu ya uthibitishaji badala ya SMS yuko kwenye hali tofauti. Programu hizi hutoa nambari mpya kila baada ya sekunde 30 kwa kuchanganya siri iliyohifadhiwa ndani ya simu na saa ya wakati huo. Kadi mpya ya laini hairudishi siri hiyo, hivyo akiipoteza simu anahitaji njia nyingine. Programu ya Google imekuwa na uwezo wa kuhifadhi nakala ya siri hizo kwenye akaunti tangu 2023, jambo linalosaidia akaunti nyingine, lakini halimsaidii sana aliyefungiwa nje ya akaunti hiyohiyo inayohifadhi nakala. Na kwa ambaye bado ana simu yake ila nambari zinakataliwa, aitazame saa kwanza. Simu iliyowekewa saa kwa mkono na kuachwa nyuma kwa dakika chache hutoa nambari zilizokwisha kupitwa na wakati. Akiiweka saa ijirekebishe yenyewe kutoka kwenye mtandao, mara nyingi shida huishia hapo.

Nambari inayoishia na tarakimu za mtu mwingine

Jumatano jioni laini ya mwalimu ilirudi. Alhamisi asubuhi alifungua Gmail, akabonyeza "Jaribu njia nyingine", akachagua SMS, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa amelitazama Jumatatu. Google haionyeshi nambari nzima, huonyesha tarakimu za mwisho tu, na zile zilizokuwa kwenye skrini hazikuwa zake.

Alikumbuka baada ya muda. Akaunti ile ilifunguliwa mwaka 2018 na kijana wa saiba alipokuwa akimsaidia kuomba nafasi ya chuo. Foleni ilikuwa ndefu, kijana yule akajaza nambari yake mwenyewe ili kazi iende haraka, kama alivyowafanyia wateja wengi siku hiyo. Kwa miaka yote iliyofuata Google ilikuwa ikimwita mwalimu kupitia simu yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeingia kwenye akaunti, na nambari ya kijana yule ikabaki nyuma bila mtu kuikumbuka.

Saiba ile ilishafungwa. Alipofanikiwa kuipata nambari kamili kwenye risiti ya zamani na kuipiga, ilipokewa na mama mmoja aliyeko Bungoma ambaye aliinunua laini hiyo miezi michache iliyopita. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na nambari yake kupewa mteja mpya. Kwa maneno mengine, ufunguo wa pili wa barua pepe ya mwalimu, yenye vyeti vyake na nakala ya kitambulisho chake, ulikuwa umeuzwa dukani pamoja na muda wa maongezi. Mama yule alikuwa mtu mwema akajitolea kumsomea nambari itakayoingia. Mwalimu alimshukuru akakataa, akihofia kumfundisha mtu asiyemjua namna ya kuingia. Wengine wangekubali, na si rahisi kuwalaumu, lakini ni lazima mara tu waingiapo waiondoe nambari hiyo. Hata ikishaondolewa, Google inaweza kuendelea kuitumia ile ya zamani kwa siku saba.

Wahudumu wa saiba wanafanya kazi kubwa katika vituo vyetu vya biashara, na pasipo wao maelfu ya maombi yasingetumwa. Hata hivyo mteja ana haki ya kusimama nyuma ya kiti na kuuliza: nambari hiyo unayoiandika ni ya nani?

Kompyuta inayomjua mtu

Zilipobaki njia mbili tu, mwalimu alifanya lililo sahihi, ingawa kwa kubahatisha. Badala ya kurudi saiba, alikwenda kwa dada yake, ambako aliwahi kuitumia kompyuta ya nyumbani kusoma barua pepe zake.

Kifaa kilichowahi kutumiwa na mwenye akaunti ni shahidi mkubwa. Kwanza, huenda bado kimeingia ndani. Watu husahau simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka iliyoko kabatini, au kompyuta ya kazini. Kama kifaa hicho kimo ndani, mwenye akaunti huenda kwenye mipangilio ya usalama, akaandika nenosiri lake, akaweka nambari mpya ya simu na kutoa nambari za akiba. Pili, huenda aliwahi kuweka alama kwamba asiulizwe tena kwenye kifaa kile, na hivyo nenosiri pekee litatosha. Tatu, hata kama yote hayo hayapo, Google huitambua kompyuta, kivinjari na mahali palipozoeleka, na huyapa uzito maombi yanayotoka huko. Ombi lilelile likitumwa kutoka kompyuta ya saiba inayotumiwa na watu hamsini kwa siku lina nguvu ndogo zaidi.

Kompyuta ya dada ilikuwa imeshasahau, kwa hiyo ikabaki fomu ya kurejesha akaunti, inayopatikana kwa kuandika g.co/recover. Fomu hii huuliza maswali moja baada ya jingine: nenosiri la mwisho unalolikumbuka, nambari ya simu, barua pepe mbadala, na anwani ambayo mwombaji anaweza kuifungua wakati huohuo ili apokee majibu. Swali lisilo na jibu la hakika ni bora kujibiwa kwa kadiri mtu anavyokumbuka kuliko kurukwa, na nenosiri la zamani lina faida kuliko kuacha nafasi tupu. Mwalimu alikuwa na bahati ya kuwa na ile anwani mpya aliyoifungua Jumatatu, akaitoa kama mahali pa kumpata.

Kisha kusubiri. Google husema kwamba kwa akaunti yenye hatua mbili ukaguzi unaweza kuchukua siku 3 hadi 5 za kazi. Wakati huo hakuna wa kupigiwa simu wala ofisi ya kwenda kupiga foleni. Huduma Centre haiwezi kuifungua Gmail, wala ofisi yoyote ya kaunti haiwezi, wala kituo cha polisi, ingawa taarifa ya polisi kuhusu simu iliyoibwa inahitajika kwa mambo mengine. Tofauti ni barua pepe za kazini zinazotolewa na taasisi. Hizo zina msimamizi wake, na afisa wa TEHAMA wa taasisi husika anaweza kumpa mfanyakazi nambari za akiba siku hiyohiyo. Wenye Outlook na Hotmail wajue kwamba Microsoft ni kali zaidi: anayebadilisha njia zake zote za uthibitisho kwa mkupuo husubiri siku 30.

Wanaojitolea kusaidia

Siku za kusubiri ndizo siku za hatari. Mtu aliyefungiwa nje huuliza kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, na kabla jua halijatua huwa ameshapata ujumbe kutoka kwa anayejiita mtaalamu wa kufungua akaunti kwa ada ndogo. Google haishirikiani na huduma yoyote inayodai kurejesha akaunti au nenosiri kwa malipo. Anayeomba pesa ataomba na nambari ya tarakimu sita, na huo ndio mwisho wa akaunti.

Wengine hupiga simu wakijifanya wahudumu wa kampuni ya simu, wakidai kuna tatizo kwenye laini mpya. Safaricom husema kwamba huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa ulaghai unaweza kupelekwa kwao kwa SMS kwenda 333 bila malipo. Nambari ya uthibitisho haisomwi kwa mtu yeyote kwa njia ya simu, awe na sauti ya upole kiasi gani. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na aliyedhulumiwa anaweza kupiga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na nambari zilizotumika na nakala za ujumbe.

Wapo pia ambao hawafanikiwi. Kikundi kimoja cha bodaboda kilikuwa na barua pepe moja iliyotumiwa na viongozi wote, na simu iliyosajiliwa ilikuwa ya mweka hazina. Alipofariki, familia iliiacha laini ikafa. Nenosiri walikuwa nalo wote, lakini hakuna aliyekuwa na kifaa kilichoingia, na fomu ilikataliwa mara tatu. Ilibidi kikundi kianze upya, benki na kwenye usajili wa kikundi. Vikundi vinaweza kujikinga kwa kuweka nambari za viongozi wawili kwenye akaunti na kuzibadilisha kila baada ya uchaguzi, siku ileile wanapobadilisha sahihi za benki. Na akaunti iliyotelekezwa haikai milele. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili, pamoja na vilivyomo.

Nambari kumi kwenye karatasi

Jumanne ya wiki ya pili, kiungo kiliingia kwenye ile anwani mpya. Mwalimu akaweka nenosiri jipya, akaingia, na kabla hajafungua tovuti ya maombi akaenda kwenye mipangilio ya usalama. Aliiondoa nambari ya kijana wa saiba, akaweka yake mwenyewe na ya dada yake, akaitoa simu iliyoibwa kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia, na akaifanya anwani mpya kuwa barua pepe mbadala.

Kisha akatoa nambari za akiba. Google hutoa kumi kwa mpigo, kila moja ina tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Anayeomba kumi nyingine huzifuta za kwanza. Hazihitaji simu, laini wala mtandao wa simu, ndiyo maana mahali pake si ndani ya simu wala ndani ya barua pepe ileile zinazoifungua. Kuzichapisha kwenye saiba kunawezekana, ila ni heri kuzinakili kwa mkono, kwa sababu faili hubaki kwenye kompyuta ya watu.

Maombi yake yalipokelewa Jumatano, siku mbili kabla ya kufungwa. Karatasi yake sasa iko ndani ya bahasha moja na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, nyumbani kwa mama yake Kaloleni. Nambari mbili zimeshakatwa kwa kalamu: moja aliitumia alipopata simu mpya, na nyingine aliijaribu siku ileile ili ahakikishe kwamba zinafanya kazi.